Metali Inayookwa kwa Ajili ya Baridi

Mhunzi akikutengenezea jembe hakukabidhi mara tu linapopata umbo. Hulichoma mpaka likaiva, akalipiga, akalizamisha majini, na pengine akalirudisha tena motoni kwa joto la chini. Ukimwuliza sababu atakwambia kuwa ndivyo alivyofundishwa, na kwamba asipofanya hivyo jembe litavunjika kwenye jiwe la kwanza. Anaijua dawa, hata kama hajui yote yanayotokea ndani ya chuma.

Leo nataka tuzungumze juu ya wahunzi wa namna hiyo hiyo, ila hawa wamesoma hadi vyuo vikuu, na kifaa wanachokitengeneza hakilimi shamba. Kinafanya kazi katika baridi ambayo huwezi kuikuta mahali popote juu ya uso wa dunia, si kileleni Kibo wala kule ncha ya kusini. Ajabu yenyewe, ndugu msomaji, ni kwamba ubora wa kifaa hicho ndani ya baridi hiyo huamuliwa tanuruni, kwenye joto la nyuzi 800 za Sentigredi, na pengine kwa jambo linalochukua dakika mbili tu.

Metali yenyewe inaitwa niobi. Mwingereza Charles Hatchett aliigundua mwaka 1801, akaiita kolumbi. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose aliipa jina la Niobe, binti wa Tantalus katika hadithi za Wayunani, kwa kuwa metali hii hukutwa pamoja na nyingine iitwayo tantali. Lile jina la zamani halikufa. Neno koltani, ambalo tumelisikia mara nyingi katika habari za Kivu, limeundwa kwa kuunganisha kolumbi na tantali. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya neno hilo ndiyo niobi tunayoizungumzia. Hapa kwetu inajulikana kuwa imo pia katika mawe ya Panda Hill, mkoani Mbeya, na ya kilima cha Mrima, Kwale, nchini Kenya. Hata hivyo sehemu kubwa kabisa ya niobi ya dunia hutoka Brazil, na nyingi yake huishia ndani ya chuma cha pua, mabomba na madaraja, ambako kidogo tu huongeza uimara.

Lakini niobi ina sifa nyingine, na hiyo ndiyo iliyonivuta.

Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes na wasaidizi wake walipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Wakaona jambo ambalo halikutarajiwa: ukinzani wa umeme ulitoweka ghafla. Tunajua kuwa kila waya wa kawaida huupinga umeme unaopita, na upinzani huo ndio unaopasha moto pasi na jiko. Zebaki katika baridi ile haikupinga kitu. Baadaye iligundulika kwamba metali nyingine nyingi hufanya vivyo hivyo, kila moja kwa kiwango chake cha baridi. Miongoni mwa metali zisizochanganywa na nyingine, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, niobi ndiyo inayowahi kuliko zote. Inaacha kuupinga umeme ikifika nyuzi 264 chini ya sifuri.

Sasa kuna mitambo mikubwa duniani ambayo kazi yake ni kukimbiza chembe ndogo za maada, kama vile elektroni, mpaka zikaribie kasi ya mwanga. Upo mmoja karibu na Hamburg, Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 2017. Una urefu wa kilomita 3.4 chini ya ardhi. Elektroni zikishapata kasi huyumbishwa na sumaku, zikatoa miali ya eksirei yenye nguvu ya ajabu, na kwa miali hiyo wataalamu huchungulia umbo la chembechembe za dawa, za virusi na za metali. Nguvu ya kuzikimbiza elektroni hutokana na mawimbi ya redio. Na hapo ndipo mimi, mtu wa redio, nilipoanza kutega sikio.

Mawimbi hayo hufungiwa ndani ya kifaa ambacho, kwa kukosa jina lililozoeleka, mimi nakiita kibuyu. Ukikiona utanielewa. Ni matumbo tisa ya mviringo yaliyounganishwa shingo kwa shingo, na kifaa kizima kina urefu wa kama mita moja. Hutengenezwa kwa bamba la niobi lenye unene wa karibu milimita tatu, linalokandamizwa kama sufuria, kisha vipande vikachomelewa pamoja mahali palipofyonzwa hewa yote. Mawimbi yanayoingizwa ni ya megahezi 1,300, yaani mara 13 ya yale ya stesheni ya FM iliyoko kwenye 100. Elektroni ikipita katika kila tumbo husukumwa kwa wakati wake, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa anapoanza kwenda mbele. Katika mtambo wa Hamburg kila mita ya vibuyu ilikusudiwa kutoa msukumo wa zaidi ya volti milioni 23, na vibuyu vyenyewe ni 768.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasitumie shaba, ambayo ni rahisi na inapitisha umeme vizuri? Wametumia, tena kwa miaka mingi. Tatizo la shaba ni lile lile linalotusumbua sisi katika vyumba vya mitambo ya kurushia matangazo. Katika kituo nilichoanzia kazi, mafeni yalivuma mchana kutwa na usiku kucha kuupoza mtambo, na fundi mkuu hakuchoka kutukumbusha kwamba sehemu kubwa ya umeme tunaoulipia inakwenda kupasha chumba joto, si kupeleka sauti kwa wasikilizaji. Kibuyu cha shaba kikijazwa mawimbi hupata moto kiasi kwamba lazima kipumzishwe. Ndiyo maana mtambo wa shaba wa Stanford, California, uliotoa miali yake ya kwanza ya eksirei mwaka 2009, ulikuwa ukitoa mipigo 120 tu kwa sekunde. Ule wa niobi uliojengwa katika handaki hilo hilo, na kutoa miali ya kwanza Septemba 2023, umekusudiwa kufikia mipigo milioni moja kwa sekunde.

Ili tuione tofauti ya ubora, tufikirie kengele yenye mlio wa mitetemo 440 kwa sekunde. Kama kengele hiyo ingekuwa na ubora wa kibuyu cha shaba, ungeigonga, na baada ya sekunde 11 nguvu ya mlio wake ingebaki theluthi na ushee. Kama ingekuwa na ubora wa kibuyu kizuri cha niobi, ungengoja siku 42 kufikia hali hiyo hiyo. Kengele ya Jumapili hii ingekuwa bado inalia Jumapili sita zijazo.

Mpaka hapo unaweza kudhani kwamba mambo yamekwisha, kwa kuwa ukinzani ni sifuri. La. Ukinzani ni sifuri kwa umeme unaokwenda upande mmoja, kama ule wa betri. Mawimbi ya redio hugeuka huku na huko mara bilioni na zaidi kwa sekunde. Ndani ya niobi iliyopoa elektroni nyingi hutembea mbili mbili bila kizuizi, lakini daima zimo chache zilizokosa mwenzi, na mawimbi yanapozitikisa hutoa joto kidogo. Ili zipungue, vibuyu huzamishwa katika heliamu ya majimaji kwenye nyuzi 271 chini ya sifuri.

Na joto hilo dogo lina bei kubwa. Kuondoa wati moja ya joto kutoka kwenye baridi ya namna hiyo kunahitaji umeme wa kiasi cha wati 800 hadi 1,000 kwenye mashine za kupozea. Nimejaribu kupiga hesabu ya mtambo wa niobi wa Stanford, wenye vibuyu vikubwa vipatavyo 280. Kwa ubora uliowekwa katika masharti yake, kila kibuyu hutoa kama wati kumi za joto, chini ya zile za balbu hafifu ya ukumbini. Lakini ukizidisha kwa 280, halafu ukazidisha tena kwa gharama ya kupoza, unafika kwenye megawati mbili na nusu. Kama ubora wa vibuyu ungekuwa nusu ya huo, joto lingekuwa maradufu, na megawati nyingine mbili na nusu zingehitajika usiku na mchana. Hizo ni sawa na kuwasha majiko ya umeme zaidi ya elfu moja, ya kilowati mbili kila moja, bila kuyazima. Sisi tunaojua maana ya mgawo wa umeme hatuhitaji maelezo zaidi.

Basi, ubora huo unatoka wapi? Hapa ndipo tanuru linapoingia.

Mawimbi ya redio hayapenyi bamba lote la milimita tatu. Yanaishia kwenye ngozi ya ndani yenye kina cha sehemu arobaini hivi za milioni moja ya milimita. Chukua unywele mmoja, uupasue kwa unene wake vipande 2,000. Ngozi hiyo ina unene wa kipande kimoja. Niobi yote iliyobaki ni kuta za kuishikilia na kupitisha joto. Uchafu wowote ulioingia kwenye ngozi hiyo, hata kama ni atomi chache miongoni mwa mamia, ndio utakaoamua bili ya umeme.

Adui wa kwanza kujulikana vizuri alikuwa haidrojeni. Bamba likishakandamizwa na kuchomelewa, ngozi yake ya ndani huwa imechubuka, hivyo kibuyu huogeshwa kwa asidi kali ili tabaka hilo liondoke. Katika kuogeshwa huko niobi hufyonza haidrojeni kama sifongo. Kwenye joto la kawaida haidrojeni hiyo hutawanyika na haimsumbui mtu. Lakini kibuyu kikipozwa polepole, kikakaa kati ya nyuzi 120 na 200 chini ya sifuri, atomi za haidrojeni hujikusanya na kufanya visiwa vidogo visivyoweza kupitisha umeme kama niobi safi. Karibu mwaka 1990 maabara kadhaa ziliona vibuyu vyao vikipoteza ubora vibaya sana kwa sababu hiyo, na hali hiyo ikaitwa ugonjwa.

Dawa yake ikapatikana tanuruni. Kibuyu huwekwa ndani ya tanuru lililofyonzwa hewa, kwa sababu niobi iliyopata moto hunywa oksijeni ikaharibika. Joto hupandishwa hadi nyuzi 800 na kuachwa hapo kwa saa mbili au tatu. Haidrojeni hutoka yenyewe na kuvutwa na pampu. Papo hapo bamba lililokuwa limekazana kwa kupigwa na kukandamizwa hulegea na kutulia. Mtu asidhani kwamba moto ukizidi ndiyo bora zaidi. Zamani, niobi ilipokuwa na takataka nyingi, vibuyu vilichomwa hadi nyuzi 1,300 au 1,400 vikiwa na titani pembeni ya kufyonza uchafu. Metali ilisafika kweli, lakini ikawa laini, na kibuyu kilicholainika hupoteza umbo lake kwa urahisi.

Dawa ya pili ilitoka upande usiotazamiwa. Vibuyu vilivyopona haidrojeni vilikuwa bado na kasoro moja: ukivijaza mawimbi yenye nguvu nyingi, ubora huporomoka ghafla. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa Saclay, Ufaransa, na wa maabara ya KEK, Japani, waligundua kwamba kukipasha kibuyu joto dogo, huku hewa ikiwa imefyonzwa, huondoa kasoro hiyo. Utaratibu uliokuja kuzoeleka ni nyuzi 120 kwa saa 48. Nyuzi 120, msomaji! Tanuri la mikate mtaani kwenu lina moto kuliko huo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba joto hilo husukuma atomi za oksijeni kutoka kwenye utando wa juu hadi ndani kidogo ya ngozi, na kila atomi ya oksijeni humkamata jirani yake wa haidrojeni asiende kujiunga na kundi.

Dawa ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi, maana ilianza kama jaribio lililoshindwa. Katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, Anna Grassellino na wenzake walitaka kuupaka uso wa niobi tabaka la niobi iliyoungana na nitrojeni, ambalo kwa nadharia lingefaa kuliko niobi yenyewe. Waliingiza gesi ya nitrojeni ndani ya tanuru la moto. Kibuyu kilipopozwa na kupimwa kilikuwa kibovu kabisa. Wengine wangekitupa. Wao walikiondolea ngozi ya juu kidogo kwa asidi na umeme, wakakipima tena. Ubora ulikuwa umepanda mara mbili, na kwa vingine zaidi ya hapo, ukilinganisha na vibuyu vilivyotengenezwa kwa taratibu za kawaida. Tabaka walilolitaka ndilo lililokuwa likiharibu. Faida ilikuwa chini yake, katika atomi chache za nitrojeni zilizokuwa zimezama ndani ya metali. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2013.

Kanuni iliyotumika baadaye kwa mtambo wa Stanford inashangaza kwa ufupi wake. Tanuru likiwa kwenye nyuzi 800, nitrojeni huingizwa kidogo sana, kwa mgandamizo wa kama sehemu moja ya 30,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Inaachwa dakika mbili. Kisha inafyonzwa, na kibuyu hubaki motoni dakika sita zaidi. Mwisho huondolewa ngozi ya elfu tano za milimita. Ukiongeza dakika umebadilisha kifaa. Ukipunguza, umebadilisha kifaa vilevile.

Lakini hakuna dawa isiyokuwa na ukali wake. Kibuyu kilichotiwa nitrojeni hakistahimili mawimbi makali sana kama kile cha nyuzi 120. Pia ni chepesi kunasa usumaku. Hata usumaku hafifu wa dunia, huu unaogeuza sindano ya dira, ukikutwa ndani wakati kinapopozwa hunaswa na kupunguza ubora. Kwa hiyo lazima kikingwe vizuri na kipozwe kwa namna maalumu. Mwenye kutaka msukumo mkubwa wa muda mfupi huchagua tiba moja. Mwenye kutaka mtambo ufanye kazi mfululizo bila kula umeme mwingi huchagua nyingine.

Tangu mwaka 2020 kumekuwa na njia ya katikati: kukioka kibuyu kwenye nyuzi 300 na kitu kwa saa chache. Utando wa oksijeni ulioko juu huyeyukia ndani ya metali, na ubora hukaribia ule wa nitrojeni. Wataalamu wa Marekani, Japani, China na Ujerumani wameifanyia kazi. Mvuto wake mkubwa ni kwamba kibuyu kikitoka tanuruni hakihitaji kurudishwa kwenye asidi. Asidi inayotumika ina hidrofloriki, ambayo ikikudondokea hupenya ngozi na kudhuru hadi mfupa. Kila mara inapoepukwa, kuna fundi anayerudi nyumbani salama.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu tumezoea kudhani kwamba sayansi kubwa huanza na nadharia iliyokamilika, kisha mafundi wakaambiwa la kufanya. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Tanuru lilitangulia, maelezo yakafuata nyuma yakihema. Hata leo wataalamu bado wanabishana kuhusu kinachotokea hasa katika ngozi ile nyembamba. Kilichowasaidia ni nidhamu ya kupima kila hatua, kuandika joto na dakika, na kukipima tena hata kile kilichoonekana kimeharibika.

Liko na jambo linalotuhusu sisi wa upande huu. Eneo letu limejaliwa mawe. Wako watu wanaoyachimba kwa mikono, mashimoni, na wengine wamefukiwa humo, kisha jiwe likauzwa kwa kilo. Ukilifuata jiwe hilo mbele, utaona kwamba kinachopandisha bei yake ni usafishaji, tanuru lisilo na hewa, saa ya kuhesabu dakika mbili, na kijana aliyefundishwa kusoma vipimo bila kujidanganya. Kulizuia jiwe lisitoke, kama wengine wanavyodai, hakutatupa hata kimoja kati ya hivyo. Shule zenye maabara zinazofanya kazi zinaweza kutupa, na karakana ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kuharibu kipande cha chuma na kueleza kwa nini kimeharibika.

Mwanafunzi anayeandika kwenye daftari lake kwamba jaribio limeshindwa, pamoja na joto lilivyokuwa na dakika zilivyopita, asikaripiwe. Mwalimu amwulize kama amekwisha kulipima tena.

Tukutane juma lijalo, saa zetu zile zile.